Mwalimu, iache kamera dukani kwanza

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya msingi, Tanga mjini. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo kaka. Nataka kufungua blogu ya mapishi ya pwani na majengo ya zamani ya mji wetu, picha nipige mwenyewe. Nimejibana mwaka mzima, nimefikisha laki nane. Kuna Nikon D3200 iliyotumika, pamoja na lenzi yake ya 18-55, muuzaji anataka laki sita na nusu. Wengine wanasema ninunue simu mpya. Ninayo simu ya miaka mitatu, kamera yake ni ya megapikseli 12 tu, na laptopu ya zamani. Wewe unashika vifaa gani kila siku? Ungekuwa mimi ungeanza na kipi?"

Marahaba Mwalimu, na pole kwa chaki. Nalitanguliza jibu kwa sababu pesa iliyokwisha timia huwasha mkononi: mwezi huu usinunue kamera, wala usinunue simu. Tenga laki nne ununue vidude nitakavyovitaja hapa chini. Laki nne nyingine irudishe ilikokuwa. Piga kwa simu hiyo hiyo mpaka uwe umeweka mapishi kumi na majengo matano kwenye blogu, ndipo tuongee habari za Nikon.

Najua limekunyong'onyeza. Mtu akiuliza habari za vifaa huwa anataka atajiwe kamera. Mimi mwenyewe mwaka 2008 niliuza pikipiki nikanunua kamera, na nilipotoka dukani sikuwa na hela ya begi wala ya kadi ya pili. Harusi yangu ya kwanza ya kulipwa niliiendea kwa daladala la Mbagala, kamera nimeipakata ndani ya kitenge cha mke wangu kama mtoto mchanga. Kadi moja, betri moja. Betri ilikata roho kabla keki haijakatwa. Kamera yenyewe ilikuwa nzuri sana.

Tuanze na simu yako, maana umeitaja kama mtu anayeiombea radhi. Megapikseli 12 ni picha ya vitone 4,000 kwa 3,000. Kwenye blogu, picha yenye upana wa vitone 1,600 inatosha kabisa, tena wasomaji wako wengi watakuwa wanaitazama kwenye kioo cha simu. Hata ukitaka kuichapa kwenye karatasi ya A4 kwa kiwango cha wachapaji, vitone 300 kwa kila inchi, unahitaji 3,508 kwa 2,480, yaani kama milioni 8.7. Unabakiza chenji. Kamera ya kwanza ya dijiti, aliyoiunda Steven Sasson pale Kodak mwaka 1975, ilitoa picha ya vitone 100 kwa 100, na kuiandika picha moja kwenye mkanda wa kaseti kulichukua sekunde 23. Nikisikia mtu analalamikia megapikseli 12 humkumbuka yule bwana.

Simu inashindwa kuleta karibu kitu cha mbali, kwani kwenye simu nyingi za bei ya kati "kuvuta" ni kukata kipande cha katikati na kukitanua. Inashindwa gizani, na inashindwa na watoto wanaokimbia. Chakula hakikimbii, na Boma la Tanga limekaa pale pale tangu enzi za Wajerumani. Kazi zako zote mbili simu inaziweza.

Sasa vidude. Ninachokishika mara nyingi kuliko chochote ni kitambaa laini cha kufutia miwani. Jaribu leo usiku: washa taa, usifute kitu, piga picha ya taa ile. Kisha ipulizie pumzi lenzi ya simu, uifute taratibu kwa kitambaa safi, upige tena. Picha ya kwanza itakuwa na mkia wa mwanga unaokatiza kioo na weusi wake utakuwa kama umemwagiwa maziwa. Hayo ni mafuta ya kidole chako na ya shavu lako. Nimeletewa simu na vijana wanaosema kamera imekufa, fundi keshawaambia wabadilishe kioo cha nyuma, nikazifuta kwa ncha ya fulana zikapona. Kwako Tanga kuna la ziada: ukitoka Raskazone au soko la samaki la Deep Sea, upepo umeacha chumvi juu ya kioo. Chumvi ni punje, ukiisugua kavu inakwaruza. Ipulize kwanza, kisha kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo, ndipo kikavu.

Kifaa cha pili hakiuzwi. Ni dirisha. Nikitaka kumwonyesha mwanafunzi tofauti ya mpishi mwenye picha nzuri na mwenye picha za kawaida, humpeleka dirishani kabla ya kumpeleka duka la kamera. Chukua sahani ya vitumbua vilivyotoka sasa hivi kwenye kikaango. Iweke mezani, dirisha liwe ubavuni mwako, kushoto au kulia, lisiwe mgongoni. Zima taa ya ndani. Nasisitiza, izime: mwanga wa dirisha una ubuluu, wa balbu mara nyingi una umanjano, na vikikutana juu ya sahani moja kitumbua kinakuwa na upande wa maiti na upande wa homa ya manjano. Hakuna programu inayotenganisha hapo vizuri. Sasa inama mpaka jicho lako liwe juu kidogo tu ya kingo za sahani. Utaona jambo: mwanga wa ubavuni unakwaruza juu ya kitumbua, kila kitundu kilichoachwa na povu la hamira kinapata kivuli chake kidogo, ule ukingo wa kahawia uliokaukia kwenye mafuta unang'aa, na mvuke unaonekana kwa sababu nyuma yake kuna giza. Upande wa pili umeingia kivuli mno? Simamisha karatasi ya manila nyeupe upande huo, nje ya picha. Utaona kivuli kinafunguka kama mtu aliyeamshwa. Isogeze karibu, isogeze mbali, uchague mwenyewe. Manila na ile karatasi ya fedha ya kufungia chakula ukiibandika kwenye boksi, hivyo ndivyo virudisha mwanga vyangu mpaka leo, na wateja wanalipa.

Jua likiingia moja kwa moja na kuchoma sahani, tundika shuka jeupe jepesi au chandarua kikuukuu dirishani. Basi.

Kuna watu watakushauri taa ya duara. Kwa uso wa mtu anayejirekodi ni sawa. Kwa chakula siipendi: mwanga unatoka pale pale kamera ilipo, vivuli vyote vinakufa, na mchuzi wa samaki wa kupaka unatokea na duara jeupe linaelea katikati kama pete iliyodondokea chunguni. Ukipika usiku na huna budi, nunua taa bapa ndogo ya LED, uiweke ubavuni palepale dirisha lingekuwa, mbele yake weka karatasi ya kuokea keki.

Kwa majengo, dirisha lako ni saa. Tanga iko kama digrii tano kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua linakaa karibu na utosi mwaka mzima, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita juu kabisa ya kichwa. Saa hiyo kibaraza chote kinakuwa shimo jeusi na paa linaungua. Nenda kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, au kuanzia saa kumi na moja jioni. Na usichelewe, huku kwetu jua likishagusa upeo halikusubiri. Wenzetu wa Ulaya wanaosifia saa nzima ya mwanga wa dhahabu wanaongea habari za kwao. Sisi tunapewa dakika chache nzuri sana halafu giza.

Ndiyo maana natembea na daftari. La karatasi, la kawaida, lenye kalamu imefungwa uzi. Ndani yake kila jengo lina mstari wake: uso unatazama wapi, jua linaugusa saa ngapi, lori la soda linaegesha mbele siku gani. Kwako litabeba pia majina. Mama muuza mahamri pale Mgandini jina lake linaandikwaje, anataka aitwe mama nani, alijifunza kwa nani, nazi ngapi kwa kilo ngapi za unga. Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, alipoanza blogu yake mwaka 2005 watu walikuwa wanaifungua kutazama nani yupo kwenye picha na alikuwa wapi. Mistari miwili chini ya picha ndiyo ilikuwa inawarudisha kesho yake. Kumbukumbu ya simu huhifadhi tarehe na saa, jina la mtu haihifadhi. Na unapoandika jina lake, palepale mwombe ruhusa ya kuweka picha yake. Kwa watoto wa shule omba kwa wazazi, hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Stendi. Nunua ya kawaida yenye kibanio cha simu, si lazima iwe ndefu kuliko wewe, ila iwe nzito kiasi cha kutoangushwa na feni. Kabla hujainunua shona kifuko cha kitambaa cha ukubwa wa mkate, jaza mchele nusu, ufunge. Simu ukiilaza juu yake inatulia kwenye ukuta, kwenye dirisha la gari, kwenye ngazi za msikiti wa zamani. Weka kipima muda cha sekunde mbili ili kidole kisiitikise. Kifuko changu kina miaka tisa, mchele umebadilishwa mara mbili baada ya kuingia wadudu.

Hapa sasa nakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapolia: kadi na mahali pa kutunzia.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kadi ya memori ya GB 128 kwenye duka moja Kariakoo, bei nzuri, imefungwa kwenye plastiki yake, maandishi safi. Nikaenda nayo kwenye harusi. Wakati wa kupiga kila kitu kilikuwa sawa, kamera inahesabu, vipicha vidogo vinaonekana nyuma. Usiku nilipoihamishia kwenye laptopu, picha za asubuhi, za bibi harusi akipakwa hina, zilifunguka. Za mchana zilifunguka nusu, chini kijivu kitupu. Za jioni hazikufunguka kabisa. Kadi ilikuwa na GB 8 halisi ndani; mtu alikuwa ameifundisha kudanganya kwamba ina 128, na ilipojaa ikaendelea kupokea picha na kuzitupa. Nilirudisha pesa yote. Shangazi wa bibi harusi aliendelea kunipigia simu mpaka Ramadhani.

Tangu siku hiyo hakuna kadi, flashi wala diski inayoingia kwenye kazi yangu kabla sijaijaza. Kwenye laptopu yenye Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw. Kwenye Linux na Mac kuna F3. Inaandika kadi nzima mpaka pomoni, kisha inaisoma yote kuhakikisha kilichoandikwa ndicho kilichomo. Kwa kadi ya GB 64 ianzishe usiku ulale. Ukiona imelalamika, irudishe dukani na risiti yako, na siku ya kununua mwambie muuzaji kabisa kwamba utaipima. Wengine wakisikia hivyo wanaingia nyuma na kutoka na kadi nyingine. Nimeliona kwa macho yangu.

Alama za juu ya kadi zisikusumbue. U3 na V30 zote zinamaanisha haishuki chini ya MB 30 kwa sekunde wakati wa kuandika, inatosha kwa picha na kwa video. Na chukua mbili za GB 64 badala ya moja ya 128. Ikipotea moja, inapotea nusu ya msiba.

Kutunza kuna kanuni wanayoiita 3-2-1, aliyeieneza ni mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh: nakala tatu za kila picha, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Kwako itakuwa hivi. Nakala ya kwanza kwenye laptopu. Ya pili kwenye diski ya nje ya TB 1, na hiyo ndiyo itakayokula sehemu kubwa ya zile laki nne, usiionee huruma. Ya tatu, zile picha bora tu, kwenye akaunti yako ya Google, ambako unapewa GB 15 za bure zinazogawanywa kati ya barua pepe, mafaili na picha. Diski usiitie kwenye begi moja na laptopu. Mwizi hachambui, anabeba begi. Iache kabatini shuleni, au kwa dada yako, uwe unaifuata kila Ijumaa. Na kadi haifutwi mpaka nakala mbili ziwe zimefunguliwa na kutazamwa. Nimesema kufunguliwa. Kuona jina la faili hakutoshi.

Umeme. Pawabenki iliyoandikwa mAh 10,000 haikupi 10,000, na muuzaji hajakuibia. Namba ile inahesabiwa kwenye betri za ndani zenye volti 3.7, yaani wati-saa (Wh) 37 za nguvu. Ikipandishwa kuwa volti 5 za kebo inabaki kama 7,400, na nyingine inapotea kama joto. Simu yenye betri ya 5,000 utaijaza mara moja na nusu hivi. Kwa hiyo nunua ya 20,000, iwe na uzito wa kueleweka mkononi. Ikiwa nyepesi kama kisanduku cha kiberiti, iache. Siku ukipanda ndege kwenda Pemba, ibebe mkononi, isiingie kwenye mzigo wa chini. Ya 20,000 ni Wh 74, na ukomo wa kawaida wa mashirika ni 100.

Kuhariri sitakaa. Kwenye simu Snapseed ni ya bure na inatosha: nyoosha mstari wa jengo, fungua kivuli kidogo, acha. Usiguse kitelezi cha rangi mpaka binzari ionekane kama rangi ya ukuta. Ukija kupata kamera na mafaili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaipika), darktable kwenye laptopu nayo ni ya bure, japo itakutoa jasho wiki mbili za kwanza.

Lakini kuna hatua moja kabla ya kupandisha picha ambayo watu wengi wanairuka, na ni ya adabu kwa msomaji. Picha yako ya simu ina kama MB 5. Mapishi yenye picha kumi ni MB 50, na mama aliyenunua bando la siku atakuwa ameunguza salio kabla hajafika kwenye nazi. Ipunguze upana kuwa vitone 1,600, ubora 75 au 80. Squoosh inafanya hivyo ndani ya kivinjari, bure. Itashuka mpaka karibu KB 300, mara nyingine chini ya hapo, na jicho halitaona tofauti. Hapo hapo hakikisha taarifa za mahali zimetoka. Simu nyingi huandika ndani ya picha ilipigwa wapi hasa, na wewe unapiga jikoni kwako.

Kuandika nako kuna kifaa chake. Mimi nina kibodi ndogo ya Bluetooth, nimeiunganisha na simu, naandika popote penye chai. Wewe anza na sauti: Gboard inasikia Kiswahili, kwa hiyo unaweza kuisomea hatua za mapishi huku mikono imejaa unga, halafu usahihishe baadaye. Itakuandikia vichekesho kwenye majina ya samaki. Kuhusu pa kuweka blogu yenyewe, Blogger au WordPress.com za bure zinakufaa mwaka wa kwanza. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022. Kabla hujaanza, na hasa siku utakayotaka kuweka habari na matukio, waulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wewe uko kundi gani. Usiniulize mimi wala kijana wa kahawani.

Sasa nakujua: Jumamosi utakwenda kuitazama ile Nikon hata nikisema nini. Mimi ningekwenda. Basi nenda umejiandaa.

D3200 si kamera mbaya. Ilitoka mwaka 2012, ina megapikseli 24, na picha zake mchana bado zinanipendeza. Ila ijue tabia. Haina Wi-Fi ndani yake. Kila picha ili ifike kwenye blogu itapita kwenye kadi, kwa hiyo utahitaji kisoma kadi kinachochomeka kwenye simu, ambacho mimi hukiweka mfuko wa shati, siku zote. Faili ghafi moja ni kama MB 20, na laptopu yako ya zamani itapumua kwa shida. Tena mwili wake hauna mota ya fokasi. Maana yake lenzi kongwe za Nikon zenye herufi D, zile ambazo muuzaji atakuambia "hii 50 nakuongezea kwa bei ya kaka na dada", zitaingia, zitapiga, lakini utafokasi kwa mkono. Utakapofikia kuongeza lenzi, tafuta 35mm f/1.8G. Kwa ukubwa wa sensa ya kamera hiyo (kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, si ile sensa ya kuhesabu watu) inaona kama 52 kwenye kamera ya sensa kubwa, karibu na jicho lako linavyoitazama sahani ukiwa umekaa mezani.

Hesabu pia nyumba yake. Pwani kuna unyevu, na lenzi ikikaa miezi kabatini ndani ya begi la ngozi huota kuvu. Weka chombo cha plastiki cha mfuniko unaobana, kama vya kuhifadhia mikate, utie vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu kama vile vinavyokaa kwenye boksi za viatu, ila uvinunue vingi na vipya. Vikishiba unavikausha, lakini zile zinazobadilika kutoka rangi ya buluu zisipite kabisa kwenye kikaango unachopikia, zina sumu. Mchele ndani ya boksi la kamera usiweke. Una vumbi la wanga, kazi yake ni ndani ya kile kifuko.

Jumamosi beba kadi yako uliyokwisha ipima, tochi ya simu, na karatasi nyeupe. Muombe muuzaji aivue lenzi. Lifungue tundu lake la kupitishia mwanga kwa kukisukuma kile kishikizo kidogo cha nyuma, washa tochi upande mmoja, tazama upande wa pili kwa mshazari. Punje mbili tatu za vumbi si neno. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotambaa kama utando wa buibui mchanga, hiyo ni kuvu, na lenzi hiyo kwako haina bei. Irudishe lenzi, weka kamera kwenye A (hapo unachagua tundu mwenyewe), tundu f/16, ipige ile karatasi nyeupe mwangani bila kufokasi, ukuze picha nyuma uone madoa. Madoa yanayokaa pale pale kila picha ni uchafu wa sensa, husafishika, lakini yanashusha bei. Usikubali mtu apulize kwa mdomo, mate ndiyo huanzia hapo. Kisha piga picha kumi za mfululizo, usikilize kama zote zina mlio mmoja. Fungua taa ya kamera, bonyeza kila kitufe, zungusha kila gurudumu. Muulize betri ni ya Nikon yenyewe au ya kuiga, na chaja iko wapi.

Picha moja katika hizo, faili la JPEG ambalo halijahaririwa, ondoka nayo kwenye kadi yako. Nikon huandika ndani ya faili idadi ya mara ambazo shata, lile pazia la ndani linalofunguka kila unapopiga, imefunguka. Nitumie nikusomee. Shata za kamera za daraja hili hutarajiwa kufika kama 100,000. Ikiwa imepiga 20,000 tunaweza kuzungumza bei, ikiwa 90,000 mwachie mwenyewe. Na kama muuzaji anakataza usichomeke kadi yako au usiwashe tochi, mshukuru, pitia Mgandini ununue nazi, ukapige vile vitumbua.